Daftari la luku limejaa

Jumanne iliyopita nilifika mstari wa mwisho wa daftari letu la luku, umeme wa kulipia kabla. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada la bluu ambalo sasa lina rangi ya vumbi, na mgongo wake nimeushona mara mbili kwa uzi wa viatu. Niliinunua hapa Masasi mwaka 2016, wiki yangu ya kwanza studio. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala kwenye chama cha msingi cha korosho, na karani hatulii mahali pesa inapoingia na kutoka bila mtu kuandika. Nikachora safu tano kwa rula: tarehe, shilingi, uniti, aliyetoa, aliyeingiza namba. Nilidhani naandika matumizi ya umeme.

Usiku ule sikulirudisha kabatini. Nilikwenda nalo nyumbani, nikaanza ukurasa wa kwanza, na nilipoinua kichwa majogoo walikuwa wanawika. Nimelia sana na daftari hilo mapajani. Naandika haya kumshukuru Mungu, na naomba mnivumilie nikienda polepole, maana mambo yenyewe ni madogo madogo, na udogo wake ndio ninaotaka uonekane.

Kwa msiofika kwetu: studio ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, zamani stoo ya mahindi ya sadaka. Ukutani tumebandika trei za mayai, juu yake magodoro yaliyochoka, na juu ya magodoro vitenge nilivyoshona mwenyewe. Paa ni bati, kwa hiyo mvua ikianza tunazima maiki na kusubiri. Upande mmoja kuna mashine ya kusaga. Upande wa pili, kama hatua 60, kuna msikiti. Tunarekodi kati ya mvua, mashine na adhana, na ukishazoea unajua hasa ni lini dakika zako arobaini za kimya zimefika. Kila wiki tunatoa kipindi cha nusu saa: somo la Biblia, mahubiri mafupi, salamu, na kwaya za vijijini ambazo hazijawahi kusimama mbele ya maiki. Kiswahili kwanza, halafu kwa zamu Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera. Tuko watatu wa kudumu. Kuna fundi mitambo, kijana aliyejifunzia kazi kwenye studio ya bongo fleva hapa mjini. Kuna katekista mstaafu, Mmakonde wa Newala, anayesimamia tafsiri. Sote tunamwita Baba Katekista. Na kuna mimi ninayesoma, kupanga na kuweka hesabu. Hakuna mwenye mshahara. Naishi kwa mikorosho niliyoachiwa na baba, na kwa cherehani yangu.

Nililetwa huku na sauti. Siku za malipo ghalani nilikuwa nikisoma majina ya wakulima kwa kipaza sauti: jina, kilo, makato, kinachobaki. Baba Katekista alikuwa kwenye foleni kama mkulima mwingine yeyote. Akachukua stakabadhi yake, akaenda, kisha akarudi dirishani. "Binti, sauti hiyo umewahi kumsomea Mungu?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilikuwa studio nikisoma Zaburi, na baada ya mwezi nikaacha ukarani.

Ukarani lakini haukuniacha. Ghalani hakuna gunia linaloingia bila kupita mzanini, na karani halali usingizi bila kujua kesho ana nini. Nilipoona studio inanunua umeme wa elfu mbili mbili, moyo uliniuma. Elfu tano ni uniti 14. Sisi kwa siku ya kazi tunakula uniti mbili na nusu, tatu kukiwa na joto la kuwasha feni. Mwezi wangu wa kwanza luku iliisha mara tatu katikati ya kurekodi, na mara zote tatu ilibidi mtu atoke akaombe. Nilichukia kuomba. Nikaanza sala ambayo niliisali kila asubuhi kwa miaka mingi: "Bwana, tupe akiba ya miezi sita, tusikusumbue." Ndivyo nilivyosema, tusikusumbue. Nilidhani ni sala ya mtu mwenye adabu.

Akiba hiyo hatujaipata hadi leo. Nimepekua daftari lote. Siku tuliyokuwa na uniti nyingi kuliko zote ni tarehe 3 Desemba 2017, uniti 61, baada ya mnada mzuri na arusi mbili ndani ya wiki moja. Siku nyingine zote tumeishi chini ya hapo, na mara nyingi sana chini ya kumi. Nikahesabu pia vipindi tulivyoshindwa kuvitoa kwa kukosa umeme. Sikukiona hata kimoja. Vipo vilivyokwama kwa malaria, kwa msiba, kwa kompyuta kuungua. Kwa umeme hakuna, miaka tisa.

Wana wa Israeli waliambiwa waokote mana ya siku, pishi moja kwa kila kichwa, na iliyolazwa hadi asubuhi ikaingia mabuu. Habari hiyo nimeisoma kwenye maiki angalau mara nne, kwa Kiswahili na kwa Kimakua, na sikuwahi kusikia kwamba inanisema mimi.

Sasa safu ya nne, ya aliyetoa. Hiyo ndiyo iliyoniliza. Mama wa maandazi stendi, 1,000, karibu kila Ijumaa kwa miaka miwili mpaka alipohamia Tunduru. Darasa la kipaimara, 3,400, sarafu tupu. Dereva wa noa ya Ndanda aliyesikia kwaya ya kijiji chake. "Bahasha dirishani", 10,000, hatukumjua. Mzee wa Lukuledi aliyekuja amekumbatia jogoo, akasema hana pesa ila anaye huyu anayeimba. Jogoo tulimuuza 12,000, na kwenye safu ya shilingi nikaandika "jogoo", kwa sababu niliona namba inampunguzia yule mzee.

Kurasa za msimu wa 2018/2019 hazifanani na nyingine. Ni mwaka ule Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba kutoka maghalani. Fedha zilichukua muda kuwafikia wengi, na huku kwetu ada, bati, arusi na dawa vyote hungoja korosho. Nilikuwa na hakika studio itafungwa. Daftari linaonyesha kilichotokea: shilingi zilipungua, mistari ikaongezeka. Mahali palipokuwa na elfu tano ya mtu mmoja pakawa na mia mbili, mia tatu, mia tano za watu kumi na mmoja. Kuna ukurasa una mihogo, mbaazi makopo mawili, mayai 6, ming'oko fungu moja. Asubuhi nilikuwa nauza vitu hivyo sokoni, saa nne naingiza namba za luku. Ming'oko hatukuiuza. Tuliichemsha tukala pale pale studio, tukamshukuru Mungu na mama aliyeichimba. Watu waliokuwa wanasubiri pesa zao wenyewe walikuwa wanatununulia umeme. Sikujua niseme nini, na hata kwenye maiki wiki ile sikusema.

Aprili 2019 siwezi kuiruka. Tulitangaziwa kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea pwani ya Mtwara. Shule zilifungwa, watu wakaambiwa wahamie sehemu salama, nasi tukarekodi sala za dharura mchana kutwa. Tarehe 25 kikapiga Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mtwara ikasalimika. Asubuhi yake nilikuwa nimeshaandika kipindi cha shukrani chenye sentensi hii: "Mungu amekigeuza kimbunga." Baba Katekista akasoma karatasi, akavua miwani. Dada yake ameolewa upande wa pili wa mto, na tangu jana yake simu ilikuwa haipatikani. "Futa hiyo, mwanangu," akasema. "Mungu wa Newala ndiye Mungu wa Mueda. Tukimshukuru, tumshukuru tukiwa tumewashika mkono wale, tusiwape mgongo."

Tukafuta. Kipindi kilichotoka kilikuwa cha maombi, kwa Kimakonde, lugha ambayo mto ule haujaweza kuikata, na hatukuweka muziki. Dada yake alipatikana siku ya tisa: nyumba imeezuliwa, yeye mzima. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na shukrani zangu. Nikisema hewani kwamba Mungu ametusaidia, namkumbuka anayenisikiliza ambaye siku hiyo msaada haujamfikia, natafuta namna ya kusema asijione ametupwa. Sifaulu kila mara. Lakini shukrani inayosahau jirani aliyeumia siiamini tena.

Mwaka 2021 kituo cha redio kilichokuwa kinarusha kipindi chetu kilipandisha bei ya muda wa hewani, tukashindwa kulipa. Miezi minne hatukusikika popote. Nilisononeka, niliona ndiyo mwisho. Fundi ndiye aliyesema tuweke vipindi kwenye memori kadi, zile za kuchomeka kwenye redio ndogo ambazo mpiga salfa na muokota korosho wanatembea nazo shambani. Tulianza na kadi 10. Zikasafiri na bodaboda hadi vijiji vya chini ya Shimo la Mungu kule Newala, pale ardhi inapoporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, na ndipo tulipojua kwamba mawimbi ya kituo kile hayakuwa yanashuka huko. Miaka yote tulikuwa tunalipia hewa ambayo watu wale hawakuipata, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Mama mmoja asiyeona alituma ujumbe kwa mwenye bodaboda: kadi yake isichukuliwe kubadilishwa mpaka amalize kumsikia Ruthu kwa Kimakonde mara ya saba. Tuliporudi hewani kadi hatukuziacha. Sasa zinazunguka zaidi ya 200.

Nimwandike sasa mtu ambaye kwenye daftari anaitwa Jirani.

Alikuwa mwadhini wa ule msikiti. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona kikwazo, naungama. Nakaribia mwisho wa Zaburi ndefu, sauti imekaa vizuri, mara adhana ya alasiri inaingia kwenye maiki na kazi yote inarudiwa. Siku moja fundi akaenda kumwamkia na kumweleza tunachofanya. Hakumwomba lolote. Mzee akashangaa, akasema hakujua kwamba nyuma ya ukuta ule kuna watu wa kazi ya sauti. "Sauti ni amana," akamwambia, "si ya kukatizwa ovyo." Kesho yake, dakika kumi kabla ya adhuhuri, mjukuu wake akasimama mlangoni kwetu: "Babu anasema dakika kumi." Na alasiri tena. Na siku iliyofuata. Ikawa hivyo kwa miaka minane. Mjukuu wa kwanza alikua akaenda sekondari, akaja wa pili. Sisi nasi tukawa tunazima spika za kuhariria wanaposwali, na mwezi wa Ramadhani chai yetu ya saa nne tunaihamishia upande wa pili wa kanisa.

Umeme wake ulikuja baadaye. Novemba 2018, saa mbili usiku, luku imeisha, hakuna duka lililofunguliwa, na simu zetu zote hazina salio. Nikamwambia fundi tuahirishe. Mzee akanisikia kutoka uani kwake. "Mwanangu, waya mnao?" Tukavuta waya hadi dirishani kwake, tukamaliza kazi. Asubuhi nikampelekea elfu mbili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hiyo pesa rudi nayo."

Nikamwomba basi anipe jina lake kamili, walau liwe kwenye daftari. Akasema, "Jina la nini? Andika Jirani."

Limeandikwa mara 43. Nimehesabu.

Wako Wakristo wenzangu walioniuliza kama ni sawa, Neno la Mungu kurekodiwa kwa umeme wa nyumba ya mwadhini. Nawajibu tena hapa kwa upendo. Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, mwanamke ambaye hakuwa wa Israeli, na Yesu alilikumbusha jambo hilo kwa watu wa kwao Nazareti wakakasirika. Mimi ni nani nichague mkono ambao Bwana anautumia kunilisha? Na kuna jambo limenichoma usiku ule wa Jumanne nikihesabu mistari ya Jirani. Kama Mungu angenijibu ile sala ya akiba, luku isingeisha Novemba 2018. Tungemaliza kazi, tungefunga mlango, tungekwenda kulala. Hatua 60 tu, na hadi leo tungekuwa watu wasiojuana. Nilimwomba asisumbuliwe, na kumbe nilikuwa naomba niachwe peke yangu.

Kurasa za Mei 2024 zimekunjamana kwa sababu zililoa. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu ya kusini. Mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, Kilwa, na sisi wa Kusini tukabaki kama tulioko kisiwani. Ndani ya basi moja lililokwama kulikuwa na boksi letu: diski ya kuhifadhia na maiki mpya, vilivyonunuliwa Kariakoo kwa michango ya miezi saba. Halafu Jumapili tarehe 12 intaneti ikapotea. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Na Jumapili iliyofuata, tarehe 19, ilikuwa Pentekoste.

Kwa Pentekoste tulikuwa tumepanga Matendo sura ya 2 kwa lugha zote tano, mstari huu kwa lugha hii na ule kwa ile, kwa mara ya kwanza. Kimwera kilikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Nachingwea ambaye angejirekodi kwa simu na kututumia kwa WhatsApp. Hakikuja kitu. Jumanne hakuna, Jumatano hakuna. Nikasema tuondoe Kimwera, tutakirudisha mwakani. Baba Katekista hakunijibu moja kwa moja. Alitoka nje, akasimama akiutazama mlima wa Mtandi. Akaniambia Askofu Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alishuka Lindi mwaka 1876, akaja hapa kwa miguu pamoja na watu waliotolewa utumwani. Walikuwa na nia ya kwenda mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi, na kijiji cha Wakristo wa kwanza wa hapa ni wao. Steere alikuwa na mtambo wa kuchapa kule Unguja, alijua thamani ya karatasi, lakini karatasi haikujileta yenyewe. "Ilibebwa kichwani," akasema. "Na waliobeba hatujui majina yao."

Alhamisi alfajiri nikapanda bodaboda kwenda Nachingwea na kinasa sauti nimekifunga kwa kanga tumboni, kama mtoto. Safari hiyo sitaieleza yote. Tulishuka kusukuma mara nne, na kandambili moja ilibaki kwenye matope.

Mwalimu alikuwa amevaa gauni jeupe na kujifunga kilemba, ingawa alijua hakuna atakayemwona. Alisema huwezi kumsomea Mungu na nguo ya jikoni. Tulikaa chini ya mwembe wake. Kuku walikuwa wanapita, nikataka wafukuzwe, kisha nikasikiliza kwenye hedifoni nikaona waachwe. Akaanza kusoma. Alipofika pale watu wanaposhangaa kusikia kila mtu lugha yake aliyozaliwa nayo, akanyamaza. Nikadhani karatasi imemchanganya. Alikuwa analia. Akaniambia alipokuwa mtoto shuleni, aliyekamatwa akisema Kimwera alivishwa kibao shingoni na kukaa nacho hadi amkamate mwenzake. Yeye alikivaa wiki nzima mara moja, kwa sababu hakutaka kumkamata mtu. Miaka sitini baadaye amesogezewa kinasa sauti na kuambiwa: sema, hiyo hiyo. Akafuta uso kwa pembe ya kilemba, akarudia mstari kuanzia mwanzo. Katika kazi zangu zote sijawahi kubeba kitu kilichosomwa vizuri kama kile.

Kama intaneti ingekuwepo ningepokea faili la dakika mbili, ningesema asante mwalimu, basi. Kibao nisingekisikia.

Boksi la Kariakoo lilifika siku hiyo hiyo jioni, limezunguka Iringa, Songea na Tunduru. Ijumaa fundi alifunga mitambo. Jumamosi usiku tulikuwa tunahariri, luku inasoma 3.1, na kununua kwa simu kulikuwa kunakataa. Jirani akapitisha waya bila kuulizwa. Saa tisa usiku kipindi kikaisha. Alfajiri bodaboda watatu wakaondoka na kadi: mmoja Ndanda, mmoja Lukuledi na Nachingwea, mmoja Nagaga hadi Newala. Kituo cha redio nilikipelekea flashi kwa miguu yangu, nikaingia ibadani nimechelewa, nikakaa nyuma kabisa, na watu walipoanza kuimba sikuweza kuimba.

Miezi mitatu baadaye binti wa Jirani alinitajia, tukiwa tunachambua mboga, kwamba usiku ule baba yake alimwambia azime friji ili waya usizidiwe. Anauza barafu za watoto. Za Jumapili nzima ziliyeyuka. Hakuwa analalamika, alikuwa anasimulia tu. Kwenye daftari, mstari wa tarehe 18 Mei 2024 unasema: Jirani, waya, usiku.

Alifariki Machi mwaka huu, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Studio tuliizima siku tatu. Baba Katekista alikaa msibani tangu asubuhi kwenye mkeka na wazee wenzake, nami nilikuwa jikoni na akina mama. Siku ya nne tuliporudi kazini, adhana ilipoingia ilikuwa ya sauti nyingine, ya kijana, nzuri, na sote tulisimamisha kazi hata kabla haijafika kwenye maiki.

Sala yangu ya asubuhi imebadilika, sijui hasa tangu lini. Nasema yale ambayo Bwana alitufundisha, utupe leo riziki yetu, na pale kwenye neno "leo" nasimama kidogo kabla ya kuendelea. Hofu bado ipo. Luku ikianza kulia moyo unaruka kama mwaka wa kwanza. Ila siku hizi nikisikia ule mlio huwa najiuliza pia ni nani atakayekuja.

Jana nilinunua kaunta buku mpya, kwaya nne. Nilikuwa nachora safu zangu tano, mjukuu wa pili akaja mlangoni. Mwadhini ni mwingine na hakuna aliyemtuma, lakini mtoto huyu hajaacha kuja. "Dakika kumi," akasema. Nikamwita aone daftari la zamani, nikamwonyesha lilipoandikwa Jirani. Akafuata mistari kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kimya, mtoto wa darasa la tano. Alipomaliza akaniuliza dakika kumi ziko wapi. Nikamwambia sijaelewa. Akasema, "Babu alikuwa anatutuma kila siku. Mbona hamkuandika?"

Adhana ikaanza. Tukasubiri wote wawili pale mezani hadi ikaisha. Kisha nikachukua rula, nikachora safu ya sita. Bado sijaiandikia jina.